Mafungu ya Sheria

Sheria ni neno moja, lakini halina sura moja. Mtu asemaye kwamba sheria imekataza, au sheria imeruhusu, hudhani kwamba amesema jambo kamili, kumbe amesema nusu tu. Nusu iliyosalia ni kuuliza: sheria ipi? Maana sheria zimegawanywa mafungu, na kila fungu lina mlango wake, mlinzi wake, kipimo chake na malipo yake. Abishaye katika mlango usio wake huambiwa kwa upole kwamba amekosea nyumba. Na mara nyingi, afikapo kwenye mlango uliompasa, wakati umekwisha pita. Wanafunzi wa sheria hufundishwa mafungu hayo mwanzoni kabisa mwa masomo yao, wakayakariri kama watoto wakaririvyo majina ya siku, kisha wakayaona kuwa jambo jepesi. Watu wengine hawafundishwi kabisa. Hujifunza siku ya msiba, na ada ya somo hilo ni kubwa.

Kusudi la maneno yafuatayo ni kuonyesha kwamba kugawanya sheria, ambako huonekana kama kazi ya kupanga vitabu rafuni, ni hukumu itanguliayo hukumu. Fungu ambalo shauri hutiwa ndilo huamua mapema nani atasikilizwa, kitu gani kithibitishwe, na mshindi apate nini.

Nyahanga ni kata ya mji wa Kahama, katika Mkoa wa Shinyanga. Mji huo umekua kwa mpunga na kwa dhahabu. Katika wilaya hiyo ya kale mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, ulio karibu na mji, ulianza mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Mahali kama hapo watu wa makabila na dini mbalimbali hukaa ukuta kwa ukuta, na sheria zao hukaa vivyo hivyo.

Na uchukuliwe mfano wa mwanamke aishiye hapo. Hana jina katika maelezo haya, kwa sababu habari yake si ya mtu mmoja. Aliolewa kijana, yeye na mumewe wakajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na paa la bati, mume akilima mpunga na kufuga, mke akishona nguo barazani kwa cherehani aliyoinunua kwa fedha ya ushoni wake. Mume akafariki. Matanga yalipoanuliwa, mdogo wa marehemu alikuja pamoja na wazee wawili wa ukoo. Hakuja kwa jeuri. Alisalimu, akaketi, akapokea maji ya kunywa, kisha akasema: "Shemeji, pole sana. Kaka alikuwa wetu sote. Lakini nyumba hii na ng'ombe ni vya ukoo. Wewe utakaa kwa watoto wako, na watoto ni wetu." Alipoondoka, cherehani ilikuwa imefungwa nyuma ya baiskeli yake.

Tendo hilo ni moja, lakini katika sheria lina majina mengi, na kila jina lina matokeo yake.

Mgawanyo wa kwanza ni wa jinai na madai. Mjane akienda kituo cha polisi na kusema kwamba ameibiwa, amelitia shauri lake katika fungu la jinai. Kosa la jinai huhesabiwa kuwa limetendwa juu ya jamii nzima. Kwa hiyo mwenye kushtaki ni Jamhuri, na yule aliyenyang'anywa hugeuka shahidi tu katika kesi ya mali yake mwenyewe. Faida yake ni kwamba halipi ada wala haendeshi kesi. Hasara zake ni mbili. Kwanza, hatia sharti ithibitishwe pasipo kuacha shaka yoyote ya maana; shaka ikibaki, mshtakiwa huachiliwa. Pili, Kanuni ya Adhabu, ambayo ilitungwa zama za ukoloni na kuanza kutumika mwaka 1945, yasema kwamba mtu aliyetwaa mali kwa kuamini kweli kwamba ana haki nayo, pasipo nia ya kudanganya, hana hatia ya jinai. Shemeji huyo ana mashahidi wa kutosha wa imani yake: wazee wawili, ukoo mzima, na desturi ya baba zake. Askari atafunga daftari na kusema: "Mama, hili si letu, hili ni la madai." Wala hatakuwa amesema uongo.

Katika fungu la madai kipimo cha ushahidi ni chepesi zaidi. Upande wenye uzito hushinda, hata kama mizani imeinama kidogo. Walakini hapa mwenye kudai ndiye mchukua mzigo wote. Yampasa ajue jina la dai lake, alete mashahidi, alipe ada au aombe kusamehewa, na ahudhurie kila tarehe ambayo shauri hutajwa na kuahirishwa. Akishinda, shemeji haendi gerezani. Hurudisha cherehani au thamani yake. Na kama wakati wa kungoja hukumu mshonaji amekosa kazi na watoto wamekosa ada, hasara hiyo ni nadra kulipwa.

Mpaka huu kati ya jinai na madai haukuwekwa tangu kuumbwa kwa dunia. Katika Usukuma ya zamani, chini ya watemi na wazee waitwao banamhala, hata kuua kuliweza kulipiwa ng'ombe kwa jamaa za marehemu. Na yule ambaye sasa angeitwa mhalifu mbele ya Jamhuri alikuwa mdeni mbele ya ukoo. Wanazuoni wa Kiislamu nao, ambao elimu yao ilifika pwani karne nyingi kabla ya mahakama za Wazungu, walitenga haki ya Mungu na haki ya mja, na katika kisasi cha kuua wakawaachia jamaa za marehemu hiari ya kusamehe au kupokea dia. Basi watu wenye akili na wenye kumcha Mungu wamechora mpaka huo mahali tofauti. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa kuwa kilichochorwa na watu chaweza kuchorwa upya na watu.

Mgawanyo wa pili ni wa sheria ya umma na sheria binafsi. Warumi waliuweka wazi katika vitabu vya Mfalme Justinian vilivyotolewa mwaka 533: sheria ya umma yahusu dola, na sheria binafsi yahusu manufaa ya mtu mmoja mmoja. Maneno hayo yametoka mbali, lakini mtu wa Nyahanga huyakanyaga kila siku, kwa sababu yamo katika ardhi.

Sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ziliweka ardhi yote ya Tanzania Bara mikononi mwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya raia, kisha zikaigawa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji, na ardhi ya hifadhi. Mji ukipanuka, shamba lililokuwa katika ardhi ya kijiji laweza kuhamishiwa katika ardhi ya jumla. Udongo ni uleule, muembe ni uleule, makaburi ni yaleyale, bali mwenye shamba amehamishwa fungu pasipo kunyanyua mguu. Kwa bahati njema sheria haikumwacha mikono mitupu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya ardhi ipatikanayo kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kutwaliwa bila fidia. Kabla ya uamuzi huo yaliwezekana mabishano kwamba mwenye shamba la kimila ana kibali tu cha kukaa. Baada yake, aliitwa mwenye mali.

Tena ardhi yenyewe imegawanywa juu na chini. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kama zilivyofanya zile za mwaka 1979 na 1998 zilizoitangulia, haimpi mwenye shamba madini yaliyo chini ya shamba lake. Mtu wa Kahama akichimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake na kukuta mwamba wa dhahabu, choo ni chake kwa sheria binafsi, lakini dhahabu ni ya taifa kwa sheria ya umma, na kuigusa bila leseni ni kosa. Kuna hekima katika kanuni hiyo, kwa maana utajiri wa nchi usingefaa kuwa wa yule aliyebahatika kujenga juu yake. Hata hivyo, mwenye kutaka kufahamu kwa nini maneno ya mgodi na ya kijiji hayakutani, na aanze hapo: kila upande husimama katika fungu lake, na kila upande husema kweli.

Lakini mgawanyo wa tatu ndio mzito kuliko yote kwa mjane. Ni mgawanyo wa sheria kwa asili yake, yaani mahali zilikotoka. Katiba ipo juu. Chini yake zimo sheria za Bunge, maamuzi ya mahakama za juu, sheria za Kiingereza zilizopokewa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, sheria za mila, na sheria ya Kiislamu. Katika mambo mengi, kama vile mikataba na makosa ya barabarani, watu wote hupimwa kwa kipimo kimoja. Katika mirathi haikuwa hivyo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, nchi ilirithi sheria tatu za kurithi.

Ili tofauti yao ionekane kwa macho, tuseme kwamba marehemu ameacha ng'ombe 24, mke mmoja na watoto, wala hakuacha deni wala wasia. Kama shauri limetiwa katika fungu la sheria ya Kiislamu, mjane hupata thumuni, yaani ng'ombe 3. Kama limetiwa katika fungu la Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika pamoja na sheria nyingine za India, mjane hupata thuluthi, yaani ng'ombe 8. Na kama limetiwa katika fungu la mila zilizotangazwa mwaka 1963, mjane hapati hata kwato moja maadamu marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Mtu ni yuleyule, jasho ni lilelile, zizi ni lilelile. Kilichobadilika ni jina la fungu.

Je, nani huchagua fungu? Sheria haikumwachia mjane. Mahakama huuliza marehemu aliishi maisha ya namna gani, na nia yake ilikuwa ipi. Swali hilo laonekana jepesi mpaka liulizwe Nyahanga. Mume huyo alibatizwa utotoni. Alioa kwa mahari ya ng'ombe, akafunga ndoa kanisani, akaweka akiba yake benki. Na alipougua alikwenda hospitali mchana na kwa mganga usiku. Alitambika kwa babu zake, na Jumapili akaimba. Mtu mmoja aliishi maisha matatu, na mjane atakiwa kuthibitisha moja ambalo mali izikwe nalo. Wazee wa ukoo wana ushahidi mwingi wa maisha ya kimila, kwa kuwa wao ndio walioyashuhudia. Ushahidi wa nia iliyokuwa moyoni mwa marehemu umezikwa naye. Tena mlango wenyewe hufuata fungu. Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu na watu na yenye ada ndogo, imepewa mirathi ya watu wafuatao mila au Uislamu. Anayetaka kusimama juu ya ile sheria ya mwaka 1865 hupanda kwenye mahakama za juu, ambako gharama nazo hupanda.

Haifai kudhani kwamba mila za mwaka 1963 zilitungwa na watu wabaya. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1953 kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma, akiwa amekusanya maneno ya wazee kwa bidii kubwa. Baada ya uhuru serikali ilitaka kuziunganisha mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba ziwe sheria moja, ili taifa changa lisiwe na mahakama mia zenye kauli mia. Nia hiyo ilikuwa njema. Lakini mila isemwayo na wazee chini ya mti ni mazungumzo. Huangalia mtu, mwaka wa njaa, na tabia ya shemeji. Ikishaandikwa katika tangazo la serikali na kupewa namba, hukoma kuwa mazungumzo ikawa jiwe. Katika boma la zamani, ambako ardhi ilikuwa tele na mjane hakuondoka uani, kutunzwa na watoto kulikuwa urithi wa kweli. Katika mji ambapo nyumba yenye bati huuzwa kwa siku moja na mnunuzi kuhamia siku ya pili, maneno yaleyale huwa kifuniko cha kunyang'anya.

Ajabu kubwa zaidi imo katika mpaka kati ya sheria ya ndoa na sheria ya mirathi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilizipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na mume na mke kwa jitihada ya pamoja pindi ndoa ivunjwapo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikwenda mbele zaidi, ikatamka kwamba hata kazi ya nyumbani ya mke, kupika na kufua na kulea, ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Basi lau mume wa Nyahanga angempa mkewe talaka, mke angeweza kwenda mahakamani na kudai sehemu ya nyumba kwa ushoni wake na kwa jiko lake. Lakini mume hakumwacha. Alimpenda mpaka siku ya mwisho, akafa mikononi mwake. Kifo hicho kimeliondoa shauri katika fungu la ndoa na kulitia katika fungu la mirathi, na humo kazi ya jikoni haina namba. Mke aliyefukuzwa ana dai kubwa kuliko mke aliyependwa. Hapana mtunga sheria aliyekusudia jambo hilo. Lilizaliwa lenyewe katika ufa ulio kati ya mafungu mawili.

Wala ufa huo si wa pekee. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema wazi kwamba kanuni ya mila imnyimayo mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kwa hiyo mjane akisimama katika fungu la ardhi, mila imebatilishwa. Akisimama katika fungu la mirathi, mila ileile ndiyo sheria. Hakimu aweza kuamua huku au kule kwa dhamiri safi, kwa kutegemea ukurasa alioufunua kwanza.

Mambo haya hayakubaki katika mifano ya darasani. Katika Mkoa huohuo wa Shinyanga wanawake wawili waliofiwa na waume zao, mmoja mwaka 1999 na mwingine mwaka 2000, walitolewa katika nyumba zao na jamaa za waume pamoja na watoto wao wadogo, kwa kufuata mila za Kisukuma. Hawakuridhika kugombea vyombo tu. Walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki kanuni yenyewe, wakisema kwamba yapingana na Katiba, ambayo ibara yake ya 13 yakataza ubaguzi. Mwezi Septemba mwaka 2006 mahakama ilitoa hukumu. Ilikiri kwamba mila hizo zina ubaguzi. Hata hivyo ilikataa kuzifuta, kwa kuogopa kwamba kufuta mila moja kwa kalamu ya jaji kungefungua mlango wa kila mila ya kila kabila kuletwa mahakamani. Wajane hao wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa sababu ya kasoro katika hati ya amri iliyotoka Mahakama Kuu, bila kuingia katika swali lenyewe la haki.

Hapo mjane hukutana na mgawanyo mwingine ambao wanasheria huuthamini mno: sheria ya haki na sheria ya taratibu. Ya kwanza yasema mtu ana haki gani. Ya pili yasema aidai vipi, kwa hati ipi, katika muda upi. Taratibu si upuuzi. Bila tarehe na sahihi hapana mtu angejua hukumu ni ipi na uvumi ni upi. Lakini kasoro ya hati iliyofanywa na mahakama ililipiwa na wanawake ambao hawakuiandika hati hiyo, nao walikwisha ngoja miaka kumi tangu vifo vya waume zao. Utaratibu uliowekwa uwe njia ya kuifikia haki ulisimama mlangoni pake.

Uko mgawanyo mwingine tena, wa sheria ya ndani ya nchi na sheria ya mataifa, na huo ndio waliougeukia. Tanzania iliridhia mwaka 1985 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2006 ikakubali itifaki yake iruhusuyo watu kupeleka malalamiko. Shauri likapelekwa mbele ya Kamati ya mkataba huo, na tarehe 2 Machi 2015 Kamati ilisema kwamba haki za wanawake hao zilivunjwa, ikaitaka serikali iwalipe fidia ifaayo na ihakikishe kwamba mila zibaguazo zinafutwa au kurekebishwa. Lakini kauli ya mataifa haina askari wala dalali wa kukamata mali. Uzito wake ni wa aibu na wa heshima, na vitu hivyo viwili hutegemea moyo wa msikilizaji.

Msomaji aweza kuuliza sasa kama isingekuwa heri mafungu yote yavunjwe, ukabaki mlango mmoja na mwamuzi mmoja mwenye busara. Jibu limo katika historia ya mkoa huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi katika sehemu za Shinyanga na Kahama, wanavijiji walijikusanya katika jeshi la jadi liitwalo Sungusungu. Walipiga mbiu, wakafuata nyayo, wakakamata, wakahukumu, wakatoza na wakatenga, yote katika kusanyiko moja. Ng'ombe wengi walirudi mazizini, na watu walilala usingizi. Lakini mle mlimokuwa na mwizi wa kweli mliweza kuwamo pia mtu asiyependwa na jirani zake. Na mbele ya mshitaki, askari, hakimu na mtekelezaji ambao ni mtu yuleyule, mtu wa namna hiyo hana pa kukimbilia. Mwaka 1989 Bunge lililipa jeshi hilo mahali pake katika sheria kwa kurekebisha sheria za mgambo, likapewa uwezo wa kukamata. Alimradi nchi iliona kwamba hata nguvu njema yahitaji fungu, ili ijulikane inaanzia wapi na inakomea wapi.

Kwa hiyo mafungu ni lazima. Mtuhumiwa wa jinai hulindwa na kipimo kizito cha ushahidi kwa sababu kifungo si sawa na deni. Mkulima hulindwa na mpaka kati ya umma na binafsi, kwa maana bila mpaka huo serikali ingekuwa jirani asiyejua ua. Muumini hulindwa kwa kuachiwa arithishe kwa dini yake. Kosa haliko katika kugawanya. Kosa ni kusahau kwamba mgawanyo ulifanywa na watu kwa kusudi, na kuanza kuutii kama kwamba ni mvua au jua.

Kinga dhidi ya usahaulifu huo zipo, nazo ni tatu. Ya kwanza ni Katiba. Haki za binadamu zilitiwa katika Katiba mwaka 1984, nazo hazikutiwa ziwe fungu jingine kando ya mafungu. Zilitiwa zipite katika kuta zote, kama msumari upitao katika mbao nyingi na kuzishika pamoja. Mahakama iogopayo kupigilia msumari huo kwa kuchelea mlio wake yaacha mbao zianguke kila moja kivyake. Ya pili ni lugha. Kwa muda mrefu majina ya mafungu katika mahakama za juu yaliandikwa kwa Kiingereza, na watu walihukumiwa kwa maneno wasiyoyajua. Mwaka 2021 Bunge liliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tendo hilo litazaa matunda ikiwa mshonaji ataweza kusoma mwenyewe tofauti ya jinai na madai, ya ndoa na mirathi, kabla ya siku ya msiba. Ya tatu ni maandishi ya walio hai. Mume na mke wanaoandika majina yote mawili katika hati ya kiwanja, na mume aandikaye wasia mbele ya mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo, wametangulia kuchagua fungu wakati kinywa cha mwenye mali bado chasema.

Mila nayo isihukumiwe kana kwamba haina masikio. Mila ambazo wazee wa Usukuma walizishika zilikuwa na shabaha moja, kwamba asiwepo mtu wa nyumbani aliyetupwa nje. Kanuni iliyoandikwa ikaacha mjane na watoto nje ya nyumba imeihifadhi sauti ya mila na kuipoteza nia yake. Wazee wakiulizwa hivyo, kwa heshima na kwa lugha yao, wengi wao hunyamaza kwanza, na kunyamaza kwa mzee ni mwanzo wa kufikiri.

Mwenye kufundisha sheria, na mwenye kuihukumu, wangefanya vyema kutanguliza swali moja kabla ya kulitia shauri katika fungu: je, nikiliweka hapa, nani atakosa mahali pa kusemea? Likijibiwa kwa uaminifu, mafungu yatatumikia kazi yaliyofanyiwa. Lisipoulizwa, kila mlango utakuwa umefungwa kwa kufuata sheria, na mtu mwenye haki atabaki njiani akizungushwa baina ya milango, akiwa hakukataliwa na yeyote.